Nyimbo Bora, Bila Sauti ya Dada Yangu

Binti yangu alifumba macho akatabasamu. Hapo ndipo nguvu ziliponiishia.

Tulikuwa Kasulu mjini, ukumbini, mchana. Viti vya plastiki vimepangwa mpaka nje kwenye vumbi, na albamu ya nyimbo bora za bendi yetu ya zamani inazinduliwa. Gitaa likaanza. Gitaa lile nalijua, ni lile linalopigwa kwa kijiko, linaburuta sauti kama mtu anayeburuta gunia la mihogo mlimani. Nikamshika binti mkono nikamwambia, "Sasa hivi. Tulia umsikie."

Alikuwa ametoka Kakonko na gari la asubuhi. Mtoto wake amemwacha kwa jirani. Alikuja kwa sababu nilimwahidi: leo utamsikia mama yako. Hajawahi kumsikia. Mama yake, yaani dada yangu, alifariki huyu akiwa bado ananyonya, na mimi ndiye niliyemlea, ndiyo maana na mimi ananiita mama.

Sauti ikaingia. Ilikuwa ya msichana, laini, tamu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikangoja. Nikajiambia labda huyu anatangulia tu, dada atakuja. Ubeti ukaisha, ukaja mwingine. Nilipogeuka nikamkuta binti amefumba macho, machozi yanamteremka huku anatabasamu. Akaniinamia sikioni.

"Mama, kumbe alikuwa na sauti nzuri hivi."

Ikabidi nimwambie. Watu wanapiga makofi, mimi nikamwambia huyo siye.

"Siye nani?"

"Siye mama yako. Huyu simjui."

Aliutoa mkono wake kwangu taratibu, kama unavyotoa mkono majini usitake kuyatibua. Akaanza kujifuta uso kwa pindo la kitenge. Alijifuta sana, kuliko machozi yenyewe yalivyokuwa. Mimi nimekimbia vita nikiwa msichana. Nimelala porini, nimekula majani ya maharage kwenye mashamba ya watu nisiowajua. Nimezika watu wangu njiani tukaondoka bila kugeuka. Lakini kumwona mtoto anafuta machozi aliyomlilia mtu asiyemhusu, hilo nilikuwa sijaliona.

Nirudi nyuma ili mnielewe.

Kambi ya Nduta ninayoisema mimi ni ile ya kwanza, kabla haijafungwa, siyo hii iliyofunguliwa tena wakaletwa wenzetu waliokimbia baadaye. Sasa hivi nikiikumbuka inanijia kama kitu nilichokiona kupitia turubai. Asubuhi za Kibondo zina ukungu, na ukungu wa kambini ulichanganyika na moshi wa kuni mbichi, basi watu walitokea mbele yako nusu nusu: kwanza ndoo, halafu mkono, halafu mtu mwenyewe. Ulisikia kikohozi ukajua ni nani kabla hujamwona. Mimi na dada tulikuwa na kibanda chetu cha udongo. Wazazi hatukuwa nao. Yeye alikuwa ananipita miaka michache tu, lakini kwa Kirundi nilimwita mukuru wanje, mkubwa wangu, na kweli alikuwa mkubwa, hata alipokaa chini.

Bomba likiharibika lilikuja gari la maji. Dereva wake alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mpenda utani. Akishaunganisha mpira wa maji alifungua milango yote miwili ya gari na kuweka kaseti. Ilikuwa kaseti moja tu, kila siku ile ile. Alisema alipewa na fundi wa visima, Mzungu, siku anarudi kwao. Ilikuwa ya bendi ya wazee wa huko kwao, watu walioimba mpaka mvi zikatoka, halafu wakachagua nyimbo zao zilizopendwa kuliko zote wakaziweka mahali pamoja. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na jua, picha yote imefutika umebaki mkono mmoja ulioshika gitaa. Dereva alisema muziki huo unaitwa bluzi na roki. Kwangu mimi ulikuwa muziki wa watu waliokosa usingizi.

Madumu yetu yalijaa yakamwagika, sisi tumesimama.

"Nyie wasichana," dereva alisema, "mmekuja kuchota maji au kuchota muziki?"

"Maji yako yanakwisha, baba," dada akamjibu. "Muziki wako haujaisha toka jana."

Hakujua neno hata moja la Kiingereza. Alichokichukua ni ule mwendo. Wale wazee walikuwa hawaimbi haraka. Neno wanalishika, wanalivuta, wanaliachia likiwa limechoka, na gitaa linalimalizia. Dada akaanza kuimba hivyo hivyo njiani, dumu kichwani, kwa Kiswahili cha kambini kilichochanganyika na Kirundi. Alikuwa na sauti yenye mchanga ndani yake. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo, na kwamba siwezi ndiyo shida yenyewe ya maandishi haya.

Sasa huyu wa gitaa. Jina lake silitaji, lakini nikisema yule muuza mabati anayekaa kiti cha mbele kanisani, waliokuwa ukumbini wote wanamjua. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali moja. Gitaa lake alilitengeneza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya mgao, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Na yeye alikuwa anakuja kwenye gari la maji bila dumu. Alisikiliza jinsi wale wazee wanavyoteleza kwenye nyuzi, akaenda akarudi na kijiko. Akakiegemeza kijiko kwenye waya akakivuta, na lile kopo likalia kama ng'ombe anayemwita ndama ng'ambo ya bonde. Dereva alizima kaseti yake ili asikilize. Sikatai, kijana yule alikuwa na mkono. Simnyimi chake.

Wao wawili wakaanza bendi. Gitaa lipo, sauti ipo. Ngoma hakuna.

Kwetu mwanamke hapigi ngoma. Ngoma ni za wanaume, tena siyo kila mwanaume. Kambini walikuwapo wapigaji waliobeba ngoma zao kutoka nyumbani wakaacha magodoro. Dada akaenda kumwomba mkubwa wao, na mimi nipo nyuma yake.

"Nani atapiga?" mzee akauliza.

"Mdogo wangu huyu."

Mzee alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Msichana akigusa ngoma yangu," akasema, "naipasua kuni nipikie maharage."

Tulirudi zetu. Karibu na kibanda dada akasimama, akacheka, akaniuliza, "Kinu nacho ni cha wanaume?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye bendi. Tuliweka kinu katikati, mimi na mchi wangu. Nilipiga chini, nikapiga ukingoni, nikausugua mchi pembeni, halafu chini tena. Ule mdundo wa kusugua ndio uliofanya watu watikise vichwa. Na kinu kitupu kwetu hakitwangwi, mama yetu alikuwa anatugombeza, anasema unaita njaa ije ikae. Basi kila tulipofanya mazoezi nilitia mihogo mikavu, na wimbo ukiisha kuna unga. Wanawake wa jirani walileta mihogo yao. Walikaa chini na ungo, dada anaimba, mimi natwanga, wao wanachekecha. Mmoja alizoea kusema, "Leo imbeni ule mrefu, nina wageni." Sijui bendi nyingine iliyokuwa inatoa unga.

Nyimbo alitunga dada. Hili naliandika wazi kwa sababu kwenye karatasi ya albamu wameandika mtunzi ni muuza mabati. Alitunga akiwa anamenya, akiwa kwenye foleni, akiwa amelala chali anatazama turubai linavyopumua kwa upepo. Aliniimbia mimi kwanza, halafu ndiyo kijana wa gitaa alitafuta pa kupita. Wimbo mkubwa kuliko zote ulikuwa wa ufunguo. Dada alikimbia na ufunguo wa nyumba yetu. Nyumba ilichomwa sisi tukiwa bado tunaiona, lakini ufunguo alibaki nao, ameufunga kwenye pindo la kanga. Akatunga:

Ufunguo ninao pindoni,
mlango ndio sina.
Nikibisha nani afungue,
nikifungua niingie wapi.

Ndiyo hayo tu. Aliyarudia na kuyarudia, kila mara anayavuta mahali pengine. Watu wazima walitoka nje kulia halafu wanarudi kusikiliza.

Siku moja dereva alikuja bila maji. Alikuja na redio kaseti kubwa, betri mpya, na kaseti ambayo haijaandikwa kitu. Alisema anahamishwa, anataka kuondoka na sauti yetu, na nyingine atatuachia. Tukaingia kanisani, lile la udongo, mchana watu wakiwa shambani. Dada alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa. Mumewe, aliyemwoa pale pale kambini, alikuwa amerudi ng'ambo ya mpaka kutazama kama shamba bado lipo, na hakurudi. Gitaa likawa karibu yake. Mimi waliniweka mlangoni na kinu changu, dereva alisema mchi unameza kila kitu.

Nakumbuka mwanga ulivyoingia kwenye matundu ya ukuta, umesimama kama fito. Vumbi la unga likapanda humo taratibu. Dada aliimba wimbo wa ufunguo akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho yanatazama unga unavyopanda. Katikati ya wimbo aliacha kidogo, akatabasamu, akasema "ego", yaani ndiyo, kama anamjibu mtu, halafu akaendelea. Baadaye alisema mtoto alipiga teke. Ile "ego" ilikuwemo kwenye kaseti. Yaani binti yangu alikuwemo ndani ya wimbo, ameitika kabla hajazaliwa.

Alizaliwa mvua zilipoanza. Mvua zilipokuwa zinaisha dada akashikwa na homa. Nilimpeleka zahanati ya kambi, wakajitahidi, akarudi, ikamshika tena. Alikwenda alfajiri, ukungu mwingi, nikiwa namkandakanda miguu nikidhani ni baridi tu.

Dereva alipopata habari alikuja kutoka alikohamishiwa. Aliitoa kaseti mfukoni mwa shati. Alikuwa hajatengeneza nyingine, ilikuwa ile ile moja. Alisema, "Siyo yangu hii. Wala yako." Akaonyesha mgongoni kwangu, mtoto amelala. "Ya huyu. Akipata akili mpe."

Kambi ilipofungwa wengi walirudi. Mimi nilikuwa nimeolewa na Muha wa kijiji cha Heru Juu, mtu mpole, tunalima maharage, mahindi na mihogo, na uraia nikaupata. Kaseti niliitia kwenye chungu cha mbegu za maharage. Mbegu tunazihifadhi kwa majivu, wadudu hawaingii wala unyevu. Niliifunga kwenye nailoni nikaizika humo. Sikuipiga. Mtaniuliza kwa nini. Zile redio zilikuwa zinakula kaseti. Niliona za watu zikitafunwa, utepe unatolewa kama utumbo wa kuku, mwisho unatandazwa kwenye mashamba ya mtama kufukuza ndege. Ukipita huko jua likiwaka unaona nyimbo za watu zinametameta kwenye upepo, hazisemi kitu. Nikasema hii siyo ya kula, hii ni ya kungoja. Halafu redio zenyewe zikaisha. Watu wakahamia kwenye simu. Binti akakua, akaolewa Kakonko, kaseti iko ndani ya chungu.

Kila nikipanda nilitia mkono kwenye majivu nikaigusa. Na nikitwanga, hasa jioni upepo ukitoka bondeni, nilikuwa namsikia. Simaanishi mzimu. Ni mkono unakumbuka: ukifika pale pa kusugua, sauti inakuja kukalia mahali pake.

Ndipo akaja muuza mabati.

Alikuja na gari dogo jeupe, tumbo mbele, viatu vya kung'aa. Sikuwa nimezungumza naye miaka mingi, ingawa dukani kwake nimepita. Aliponiona akasema kwa sauti ya chini, "Amahoro," salamu ya kwetu. Jirani yangu alipotokea na jembe lake, akabadilika akaanza Kiswahili cha redioni, "Habari za hapa, mama, poleni na kazi." Nililiona hilo. Sikulipa uzito.

Tulipobaki wawili alisema, "Nataka kutoa albamu. Nyimbo bora za bendi yetu, zote pamoja, kama ile ya wale wazee wa gari la maji. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Kuna kijana wa studio pale mjini. Kompyuta zao siku hizi zinachambua sauti kama wewe unavyochambua maharage. Gitaa peke yake, mtu peke yake. Mikwaruzo yote inatoka. Dada yako atasikika kama ameimba jana."

"Na kinu?"

Akacheka. "Na kinu chako, mdogo wangu. Bila kinu kuna bendi?"

Nilikwenda kwenye chungu, nikachimbua. Nilipompa ilikuwa bado na majivu. Nikamwambia mbele ya mume wangu: hii ni ya mtoto, wewe unaazima. Akasema, "Naapa, uzinduzi ukiisha naileta kwa mkono wangu huu." Jioni ile ile nikampigia binti simu. Akauliza, "Mama, nivae nini?"

Yaliyotokea ukumbini nimeshayasema. Wimbo wa ufunguo umegeuzwa. Yule msichana anaimba, "Moyo ninao kifuani, mpenzi ndiye sina." Kinu hakuna, kuna kitu cha kompyuta kinachopiga kama mtu anayegonga kucha mezani. Katika yote yaliyokuwa kwenye kaseti limebaki gitaa lake yeye.

Nilikwenda dukani kwake. Alikuwa amekaa katikati ya mabati yake, bati linaakisi jua, nilimwona vipande vipande.

"Karibu mama," akasema, kama nimekuja kuezeka.

"Nimekuja kuulizia sauti."

"Sauti gani?"

"Unaijua."

Akamtuma mfanyakazi wake soda, tukabaki wenyewe. Kwanza akaniambia ya mikwaruzo: kaseti ilikuwa imechoka, vijana wa leo hawawezi kusikiliza kitu kama kile. Nikamwambia mbona gitaa halikuchoka. Halafu akainama kwangu, akaongea Kirundi kwa mara ya kwanza mle dukani, polepole kama mtu anayekanyaga gizani.

"Mdogo wangu, mimi hapa ni mtu wa hapa. Wanangu wamezaliwa hapa, karatasi zangu ziko sawa, wananitaka nigombee udiwani. Ukiweka kile kinu na yale maneno ya ufunguo, mtu wa kwanza kusikiliza atauliza, hawa nyumba yao waliifunga wapi?"

"Kwani tuliifunga wapi?"

"Ndiyo hayo sasa."

"Mimi najibu kila ninapoulizwa. Heru Juu yote inajua, na hakuna aliyeninyima moto."

"Wewe hugombei kitu."

Nilimtazama. Nilimkumbuka na ile suruali moja, anatetemeka kwa baridi ya Nduta, dada anampa unga wetu kwenye kikombe kwa sababu mgao wake alibadilishana na nyaya za baiskeli. Sikumkumbusha. Nilimwambia tu, "Basi nipe kaseti ya mtoto niondoke."

"Iko studio," akasema. "Kamwone kijana."

Studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai. Kijana alinipa shikamoo, akaniondolea waya nipate pa kukaa. Nikamweleza mimi ni nani. Akakuna kichwa.

"Mama, ile kaseti mzee wa mabati aliichukua mwenyewe siku tunamaliza. Aliitia mfukoni mimi namwona."

"Yeye anasema iko kwako."

"Basi amesahau."

"Na kwenye kompyuta yako?"

Hapo akatazama chini. "Nilifuta. Nilishawatenganisha wote, gitaa huku, yule mama huku, kile kinu huku. Mzee akasema abaki gitaa, wengine futa, hawahitajiki."

"Ukafuta."

"Ndiye mwenye kazi, mama. Akisema futa nafuta."

"Lakini wewe ulimsikia."

"Nilimsikia." Akaigeukia kompyuta. "Kusema kweli nilimsikiliza zaidi ya ilivyotakiwa. Nilimweka peke yake, bila gitaa, nikazima taa."

Sikupanga kumuuliza nililomuuliza. Lilitoka tu. "Alikuwa anaimbaje?"

Kijana akafikiri, vidole vyake vinacheza mezani. "Kama mtu anayetaka kukohoa halafu hakohoi. Anaizunguka. Na kuna mahali anasema kitu kimoja kifupi, kama anamjibu mtu. Nilikirudia kile sana."

Nikanyanyuka. Huyu mtoto wa watu, asiyemjua, ameisikia ile "ego", ameirudia gizani peke yake mpaka akatosheka, halafu akabonyeza kidole akaifuta. Na yule aliyeitikiwa yuko Kakonko anauza unga, hajaisikia hata mara moja.

Nilirudi dukani. Siku ile na nyingine. Safari moja yuko kikaoni, safari nyingine amekwenda Kigoma kuchukua mzigo, na gari jeupe naliona limeegeshwa nyuma. Nikampigia, akapokea mara moja, akasema, "Yule kijana anavuta bangi, hajui anachokifanya, mbane huyo huyo." Nikambana. Kijana akasema, "Mama, mimi nina mama yangu, siwezi kukudanganya kitu kama hicho." Mmoja wao anasema uongo, labda wote wawili, na mimi niko katikati kama mpira wa watoto.

Binti ananipigia jioni, wateja wakipungua. Hanilaumu. Anauliza vitu vidogo. Alikuwa na sauti nzito au nyembamba? Alikuwa anafumba macho? Juzi akasema, "Nijaribie wewe, mama, hata kidogo." Nilijaribu. Nimekaa juu ya kinu nilichokilaza, simu sikioni, nikaimba ufunguo ninao pindoni. Ikatoka sauti yangu, ya mwitikiaji, ya mtu aliyezoea kukaa mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema asante. Nikamsikia anapumua, na nyuma yake pikipiki zinapita, na mtoto wake anaulizia uji.

Kila mwezi ile sauti inanipungukia. Zamani niliisikia yote nikitwanga. Sasa naisikia mwanzo wa mstari, halafu inaingia ile ya msichana wa soda, inamalizia. Wamenitolea dada yangu mpaka humu kichwani. Hicho ndicho wamefanya, wasije wakasema ni kaseti tu.

Naandika haya kwa mkono wangu, shule niliishia darasa la tano, na nimeomba yasomwe kanisani pale pale muuza mabati anapokaa mbele. Ewe kiongozi wa bendi, uliyekula unga wa kinu changu: albamu kaa nayo. Mtunzi jiandike wewe, udiwani gombea, kama hutaki kusema ulizaliwa wapi mimi sitakusemea. Na wewe kijana wa kompyuta, unajua ulichokisikia kabla ya kukifuta. Kaseti ile haikuwa ya bendi, wala yangu. Aliachiwa mtoto, na mtoto ni mzima, ana jina lake, ana nauli ya kutoka Kakonko, atakuja na kukaa mbele yenu wote wawili siku mtakayoitaja nyinyi. Akikaa, mmoja wenu afungue mdomo amwambie yeye, siyo mimi: sauti ya mama yake mmeiweka wapi? Kama ipo, aitoe. Kama mliitupa, aseme aliitupa nani, aliitupa wapi, na alikuwa anafikiria nini akiwa nayo mkononi. Nangoja jibu.